Ngitili: Msitu uliosogeza kuni karibu na jiko

Mzazi, kuni zikiwa mbali, wa kwanza kuumia ni mtoto. Mama anaondoka alfajiri, mdogo anabaki na dada yake wa miaka saba, na maharage yanayotaka moto wa muda mrefu yanaahirishwa. Jioni ni ugali na chochote kilichopatikana.

Shinyanga inalijua hilo. Misitu yake ilifyekwa tangu enzi za mkoloni ili kuangamiza mbung'o, kisha yakafuata mashamba ya pamba na mifugo mingi, hadi mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye vitalu vya miche, lakini kilicholeta mabadiliko makubwa ni jambo ambalo Wasukuma walikuwa nalo siku nyingi: ngitili.

Ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie, kisha linafunguliwa kiangazi malisho yanapokwisha kwingine. Visiki na mizizi iliyobaki ardhini huchipua yenyewe. (Hili husahaulika kila ifikapo siku ya kupanda miti: mche hupigwa picha, kisiki hakipigwi.) Anayevunja utaratibu hukutana na sungusungu na faini ya kijiji.

Mwaka 1986 ngitili zilizobaki zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia 2004 zilikadiriwa kuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji zaidi ya 800. Kuni zikasogea karibu, zikarudi mboga za porini, uyoga, matunda, asali na mitishamba, na ng'ombe wakapata malisho ya kiangazi. Watafiti walikadiria faida hiyo kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya mtu wa kijijini yalikuwa dola 8.50.

Si kila nyumba ilinufaika sawa. Mwenye ardhi na ng'ombe wengi alipata zaidi. Asiye na ngitili yake hutegemea ile ya kijiji, na hiyo inalindwa kwa kadiri mkutano wa kijiji unavyosimama imara.

Bukombe na Mbogwe zilikuwa Shinyanga kabla ya Mkoa wa Geita kuanzishwa mwaka 2012. Huko dhahabu nayo inataka miti: matimba ya kuzuia maduara yasiporomoke, na mkaa wa kupikia kambini. Kisiki kinachochipua leo kitahitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa kuni, na wanunuzi wa matimba hawasubiri.