Bakteria wa maji moto na siri ya kunakili DNA

Mwaka 1966, mwanasayansi Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walichota bakteria katika chemchemi ya maji moto kwenye hifadhi ya Yellowstone, nchini Marekani. Bakteria hao, Thermus aquaticus, hustawi katika nyuzijoto 70 hivi za Selsiasi, joto la kumbabua binadamu.

Thamani yao ilijitokeza baadaye. Mwaka 1983 Kary Mullis alibuni mbinu ya kunakili DNA, iitwayo PCR. DNA ni kamba mbili zilizosokotana. Hupashwa moto hadi nyuzijoto 95 hivi ili ziachane, kisha kimeng'enya hujenga kamba mpya kando ya kila moja. Baada ya mizunguko 30, molekuli moja yaweza kuzaa nakala zipatazo bilioni moja.

Ila kimeng'enya kilichotumika awali kiliharibiwa na joto hilo, ikabidi kiongezwe upya kila mzunguko. Kile cha bakteria wa Yellowstone, Taq, kilistahimili, na kazi ikaachiwa mashine. Ndivyo mtoto mchanga anavyoweza kupimwa virusi vya Ukimwi vyenyewe, maana kingamwili alizorithi kwa mama hupotosha vipimo vya kawaida.

Mwaka 1991 kampuni ya Roche ilinunua haki za PCR kwa dola milioni 300. Yellowstone haikupata mgawo wowote. Pengine Kenya ilijifunza hapo: mwaka 2007 Shirika la Wanyamapori nchini humo lilitia saini na kampuni ya Novozymes ya Denmark mkataba wa kugawana manufaa ya vijidudu vya hifadhi zake.