Mbiu Isiyokoma: Tufani Ndani ya Mtandao wa Kompyuta

Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Katika kijiji kama Chokocho, wilayani Mkoani, kusini mwa kisiwa cha Pemba, maana ya usemi huo haihitaji ufafanuzi. Habari ya mtu mmoja hupelekwa nyumbani kwake. Habari ya wakulima wa mwani huwafikia wakulima wa mwani. Na jambo la kijiji kizima hutangazwa ili kila mtu alisikie. Lakini lau kila aliyeisikia mbiu angeirudia kwa sauti, na waliosikia marudio nao wakayarudia, watu wasingeweza tena kusikilizana. Maafa ya namna hiyo hutokea katika mitandao ya kompyuta, nayo huitwa tufani ya matangazo.

Namna tatu za kupeleka habari

Mtandao wa Itheneti ulibuniwa mwaka 1973 katika maabara ya kampuni ya Xerox, California, na Robert Metcalfe akishirikiana na David Boggs. Hapo mwanzo kompyuta zote zilitumia waya mmoja, hata kila moja ikasikia yote yaliyosemwa. Siku hizi katikati yao huwekwa swichi, yaani kisanduku chenye milango mingi ya nyaya, ambacho hujifunza ni kompyuta ipi iliyo nyuma ya mlango upi.

Habari husafiri katika vipande viitwavyo fremu. Fremu ya mmoja hutolewa katika mlango mmoja tu. Fremu ya wote hutolewa katika milango yote isipokuwa ule ulioipokea. Ya tatu ni fremu ya kundi, iliyokusudiwa wale tu walioomba kuipokea. Kanuni za msingi za makundi hayo katika intaneti ziliandikwa na Steve Deering na kutolewa mwaka 1989.

Faida ya kundi huonekana kwa hesabu ndogo. Chukua mfano wa skuli yenye kompyuta 30 zinazotazama pamoja somo la video linalohitaji biti milioni 4 kwa sekunde. Kila kompyuta ikipelekewa nakala yake, mlango wa kompyuta inayotoa somo utahitaji kupitisha biti milioni 120. Nao, ikiwa ni mlango wa milioni 100, hauwezi. Kwa njia ya kundi, nakala moja ya milioni 4 yatosha, na swichi ndiyo inayoigawa.

Kitanzi

Tufani huzaliwa, mara nyingi, na kosa dogo: mtu aona waya unaning'inia, auchomeka katika mlango ulio wazi, na kumbe swichi mbili zilikuwa zimekwisha kuunganishwa. Fremu ya wote sasa huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine bila kikomo. Nyaya kati ya swichi hizo zikiwa tatu, nakala tatu huvuka kwanza, kisha sita, kisha kumi na mbili. Baada ya mivuko kumi zaidi ya ule wa kwanza, nakala ni 3,072. Pakiti ya intaneti hubeba hesabu inayopunguzwa kila ipitapo katika ruta, hata ikafa. Fremu ya Itheneti haina hesabu hiyo, haifi yenyewe.

Mwaka 1985 Radia Perlman, wa kampuni ya Digital Equipment Corporation, alibuni utaratibu ambao kwao swichi hushauriana na kuufunga kila waya unaofanya kitanzi, hata ramani ya mtandao ikawa kama mti, ambao matawi yake hayarudi shinani. Hiyo ndiyo kinga ya kwanza. Hata hivyo, kinga hiyo nayo ina mipaka yake. Novemba 2002 mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess, mjini Boston, Marekani, uliopanuka kupita kiasi cha utaratibu huo, ulianguka kwa siku kadhaa, na waganga wakarudia karatasi na kalamu.

Kutega sikio na kuweka kikomo

Swichi isiyopangwa huichukua fremu ya kundi kama fremu ya wote. Somo lile la video litamiminwa hata kwa mashine ya kuchapia ya ofisini. Na kama skuli ina kiungo cha redio cha biti milioni 2 kuelekea Kisiwa Panza, kiungo hicho kitafurika. Dawa yake ni kuiamuru swichi itege sikio kwa maombi ya uanachama, yaani itifaki ya IGMP, ili ipeleke fremu kwa walioomba tu. Lakini lazima awepo muulizaji katika mtandao, ambaye kwa desturi huuliza kila sekunde 125 ni nani bado mwanachama. Asipokuwapo, majina hufutwa baada ya sekunde 260 hivi. Mwalimu akiona picha inakatika dakika chache tu baada ya kuanza, na aanze uchunguzi hapo.

Kinga ya mwisho ni kikomo cha tufani. Kila mlango huwekewa kiasi cha fremu za wote na za kundi zinazoruhusiwa kuingia; zikizidi, ziada hutupwa, au mlango hufungwa. Kikomo kikiwa kikubwa mno, tufani hupita. Kikiwa kidogo mno, kazi halali huuawa. Asilimia 1 ya mlango wa biti milioni 100 ni biti milioni 1, na video yetu yahitaji asilimia 4. Aidha, kompyuta hutafutana kwa fremu za wote, na katika intaneti ya toleo la sita kwa fremu za kundi. Kwa hiyo, hupimwa kwanza hali ya siku ya kawaida, kisha kikomo huwekwa juu yake kwa nafasi ya kutosha.

Wanafunzi wanaweza kujipimia ukubwa wa hatari. Fremu ndogo kabisa, pamoja na utangulizi wake na nafasi inayoifuata, ni biti 672. Gawa milioni 100 kwa idadi hiyo: kila sekunde fremu 148,810 hivi zaweza kugonga mlango mmoja, na kila kompyuta hulazimika kuzipokea na kuzichunguza fremu za wote. Kikomo hakikiondoi kitanzi, ila huwapa mafundi nafasi ya kuutafuta waya uliochomekwa pasipofaa, huku wengine wakiendelea na masomo yao.