Taa za Nyongeza Katika Gari Dogo

Katika mashindano ya magari ya Monte Carlo ya mwaka 1966, magari madogo aina ya Mini Cooper yalishika nafasi tatu za kwanza, kisha yote matatu yakaondolewa. Kosa lililotajwa halikuhusu injini wala mwendo, bali taa: balbu za taa kubwa zilikuwa na uzi mmoja tu, hivyo hazikuweza kupunguza mwanga kwa namna iliyotakiwa na kanuni. Ushindi ukapewa Citroën. Taa, basi, si pambo la gari. Naye afungaye taa za nyongeza bila kufanya hesabu hujitafutia hatari kubwa kuliko kupoteza kikombe.

Hesabu yenyewe ni ile ya darasani. Taa mbili za wati 55 kila moja hutumia wati 110. Katika mfumo wa volti 12, wati hizo zikigawanywa kwa volti hupatikana mkondo wa ampea 9 hivi. Tuseme fundi ameupitisha mkondo huo wote katika swichi ya dashibodi, kwa waya wa shaba wenye urefu wa mita 4 na eneo la mkato la milimita ya mraba 1. Ukinzani wa waya huo ni omu 0.07 hivi, na volti zinazopotea njiani zakaribia 0.6. Hasara hiyo yaonekana ndogo, nayo si ndogo hata kidogo. Mwanga wa balbu yenye uzi hupungua upesi mno kuliko volti zake: volti zikipungua kwa asilimia 5, mwanga hupungua kwa asilimia 16 hivi. Hivyo mwenye gari amenunua taa sita akafaidi tano, na zaidi ya hayo ncha za swichi yake zinaungua polepole.

Dawa ni rilei, yaani swichi inayoendeshwa na sumaku-umeme. Mkondo mdogo, usiofika nusu ampea, hupita katika msokoto wa waya mwembamba. Msokoto huwa sumaku, huvuta kipande cha chuma, nacho hufunga njia ya mkondo mkubwa. Rilei huwekwa mbele karibu na taa, ili waya mnene, wa milimita za mraba 2.5, uwe mfupi. Mkondo mdogo huchukuliwa kutoka waya wa mwanga wa mbali, kupitia swichi ya dashibodi. Kwa njia hiyo dereva apunguzapo mwanga kwa ajili ya gari linalomkabili, taa za nyongeza nazo huzimika papo hapo.

Fyuzi ya ampea 15 hukaa mwanzoni kabisa mwa waya mnene, mahali uchukuapo umeme. Wengi huiweka karibu na taa, nao hukosea. Waya ukichubuka na kugusa bodi kabla ya kufika kwenye fyuzi, hakuna kitakachouzuia kuwaka moto. Waya wa kurudishia umeme kwenye bodi nao wahitaji chuma kitupu. Rangi na kutu ni vikinzani vibaya.

Limebaki swali la umeme wenyewe. Mini za zamani zilikuwa na dainamo ya kutoa ampea 22. Taa kubwa huchukua 10 hivi, taa ndogo 2, mfumo wa kuwashia mafuta 3 au 4. Zikiongezwa 9, jumla yazidi uwezo wa dainamo, na pungufu hutolewa na betri usiku kucha. Gari linguruminapo bila kwenda, dainamo haitoi karibu chochote. Magari yenye altaneta hayana shida hiyo kwa kiasi kikubwa.

Kazi ikiisha, gari huegeshwa mahali tambarare mbele ya ukuta, likiwa na mzigo wake wa kawaida, kwa sababu gari lililolemewa nyuma huinua taa zake. Kisha mtu hupunguza mwanga, na mwenzake husimama nje kuhakikisha kwamba taa mpya zimezimika.