Vichezeo vya Umeme vya Kutengeneza Wenyewe: Vijaribiwe Kwanza



Mtoto wa chekechea hujifunza kwa mikono yake. Ndiyo maana tunahimiza vichezeo vya kujengea vinavyotengenezwa na walezi wenyewe, hata vile vinavyowasha taa. Lakini kichezeo chenye betri kisipojaribiwa vizuri kinaweza kuumiza. Katika toleo hili tunaeleza kichezeo kimoja na namna ya kukijaribu.

Donge linalowasha taa

AnnMarie Thomas, mhadhiri wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha St. Thomas, Minnesota, Marekani, akiwa na mwanafunzi wake Samuel Johnson, alitafuta njia ya kuwawezesha watoto wadogo kuunganisha umeme bila kuchomelea waya. Walitumia unga wa ngano. Mwaka 2011 Thomas aliionyesha kazi hiyo kwenye mkutano wa TED.

Madonge ni ya aina mbili. La kwanza ni vikombe 1½ vya unga, kikombe 1 cha maji, robo kikombe cha chumvi, vijiko vikubwa 9 vya maji ya limau na kimoja cha mafuta. Hupikwa huku likikorogwa mpaka lishikamane. Chumvi iliyoyeyuka hupitisha umeme. Donge la pili hutiwa sukari badala ya chumvi na limau, halipikwi, nalo huzuia umeme.

Mtoto huweka donge la sukari katikati ya mawili ya chumvi, kisha huchomeka mguu mmoja wa taa ndogo ya LED katika kila donge la chumvi. Mlezi huchomeka nyaya za kisanduku cha betri nne, moja kila upande. Mguu mrefu wa taa uelekee upande wa chanya, la sivyo taa haiwaki. Madonge ya chumvi yakigusana, umeme hupita njia ya mkato na taa huzimika. Hapo ndipo mtoto anapoanza kuuliza kwa nini.

Watu wazima watangulie

Kabla ya kuwaita watoto, walezi wahakikishe haya:

- Betri ndogo za duara kama kifungo zisitumike kabisa. Ikimezwa, betri hiyo inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili.
- Kisanduku cha betri kifungwe kwa skrubu.
- Taa isiunganishwe moja kwa moja na betri, bali ipitie kwenye donge.
- Watoto chini ya miaka mitatu wasipewe taa hizo, kwa kuwa zinaweza kuwakaba.
- Donge la chumvi lisiliwe, maana chumvi nyingi hudhuru.
- Umeme wa ukutani usiguswe kamwe.

Tunapima kichezeo, si mtoto

Baada ya wazazi kuridhia, waanze watoto wawili au watatu. Mlezi aonyeshe mara moja tu, kisha akae na daftari aandike: mkono ulianzia wapi? Nani alivuta waya? Kipi kilipelekwa mdomoni? Watoto walikwama wapi? Wakikwama wote mahali pamoja, kasoro ni ya kichezeo, kirekebishwe. Jaribio lirudiwe baada ya siku chache, kwani donge hukauka na miguu ya taa hushika kutu.

Tunaziomba kamati zisome daftari hilo kabla ya kuidhinisha fedha za seti nyingine. Mchango wa mfadhili utakuwa umetumika vema pale mtoto atakapocheza, akajifunza, na kurudi nyumbani salama.