Akiba ya Nyumba na Maficho ya Mlanguzi

Kuweka akiba si kosa. Katika Chiola, kama katika nchi yote ya Nachingwea na Ruangwa, mkulima ambaye masika humkuta hana mtama wala muhogo mkavu ndani huhesabiwa kuwa mzembe. Mavuno ya mwaka uliopita ndiyo yanayowalisha watoto mpaka mapya yakomae. Tena mikoa ya kusini ilikaa kwa miaka mingi mbali na maghala ya Dar es Salaam. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na mvua zilipochacha njia ilikatika. Mama aliyepata chumvi au mafuta ya taa ya kutosha miezi miwili hakuitwa mlafi, aliitwa mwangalifu.

Hata hivyo, ulifika wakati ambapo akiba hiyo hiyo iliweza kumtia mtu mashakani.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Taifa likapigana na kushinda, lakini vita vilikula fedha za kigeni ambazo tayari zilikuwa chache. Wananchi wakaambiwa wajifunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita na dhiki isiishe. Sabuni, sukari, khanga na vitenge vikawa vitu vya kupangiwa foleni na kugawiwa kwa kipimo katika maduka ya vijiji na ya ushirika. Wako akina mama waliofulia majani ya mpapai. Serikali ilipanga bei, lakini bidhaa zilipitia mlango wa nyuma, zikauzwa usiku kwa bei ya kuumiza. Hapo ndipo jina la mlanguzi lilipoenea nchini kote.

Machi 1983 ulianza msako mkubwa, ukiongozwa na Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine. Watu wengi walikamatwa, na baada ya hapo Bunge likapitisha Sheria Na. 9 ya mwaka 1983 kuhusu uhujumu wa uchumi, iliyofanywa ihusu hata yale yaliyokwisha kutendeka. Kulimbikiza bidhaa kukawa miongoni mwa makosa ya uhujumu. Kesi hazikupelekwa katika mahakama za kawaida, bali mbele ya baraza maalumu. Mshitakiwa hakuruhusiwa wakili wala dhamana.

Hapana shaka kwamba wananchi wengi waliufurahia msako ule. Mtu aliyekosa sabuni ya kumwogeshea mtoto hakuwa na machozi ya kumlilia aliyeficha shehena nzima. Lakini hofu haikubisha hodi kwa walanguzi peke yao. Katika miji, bidhaa zilitupwa usiku mitaroni na vichakani na watu waliohofia kupekuliwa. Vitu ambavyo wengine walivipangia foleni tangu alfajiri vikaoza bila faida kwa yeyote. Na aliyekutwa na bidhaa alitakiwa aeleze amezipataje. Je, mke ambaye hakuwahi kuonyeshwa hesabu za mumewe angeeleza nini kuhusu marobota yaliyo chini ya kitanda?

Jambo hili halikutokea kwetu tu. Nchini Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilitolewa amri mwaka 1917 ya kukataza kulimbikiza chakula kupita matumizi ya kawaida ya nyumba. Januari 1918 mwandishi mashuhuri wa riwaya, Marie Corelli, alitozwa faini ya paundi 50 kwa kulimbikiza sukari, ingawa alijitetea kwamba alikuwa akipikia jamu ya matunda ya bustani yake. Twaweza kubishana kama hukumu ile ilikuwa ya haki. Lakini kulikuwa na kipimo kilichotangulia kosa, nacho ni mahitaji ya nyumba, na kulikuwa na mahakama ya kawaida ya kusikiliza utetezi.

Sokoine alifariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka huo huo Sheria Na. 13 ililiondoa baraza maalumu, kesi zikarudishwa Mahakama Kuu, na milango ya wakili na dhamana ikafunguliwa. Mwaka huo pia wafanyabiashara waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Bidhaa zikarejea madukani, ingawa kwa bei kubwa. Ulanguzi ulipungukiwa nguvu kwa sababu uhaba, uliokuwa mama yake, ulipungua.

Ndugu msomaji, tofauti ya akiba na ulanguzi si wingi peke yake. Akiba hulenga midomo iliyomo nyumbani, na mwenye nyumba hana haja ya kuificha. Ulanguzi hulenga njaa ya jirani na husubiri izidi. Kwa hiyo kila familia na iwe na akiba ambayo mume na mke wote wawili wanaijua na wanaweza kuieleza. Nayo sheria, hasa wakati wa dhiki, na itangaze kipimo chake kabla ya kugonga mlango, kisha imwachie mtu nafasi ya kusikilizwa. Pasipo hayo, mlanguzi mwenye mbinu atapenya, na atakayekamatwa ni mama mwenye madebe mawili ya mafuta ya taa aliyekuwa akingoja masika yapite.