Karafuu Ndani ya Chungu cha Sichuan



Wenzetu wengi siku hizi husafiri kwenda China kwa biashara au kwa masomo, na baadhi yao hufika Chengdu, mji mkuu wa jimbo la Sichuan. Mgeni afikapo huko hukaribishwa chakula, na sifa ya chakula hicho imeenea duniani: ni kikali. Nasi tulikwenda, tukala, tukatokwa na machozi mbele ya wenyeji wetu. Twaandika haya ili atakayetufuata aende akijua yanayomngoja mezani.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba watu wa Sichuan wana maneno mawili pale ambapo sisi twasema tu "kikali". Wao husema "la" na "ma". "La" ni ukali wa pilipili, nao twaujua sote. "Ma" ni ganzi. Ganzi hiyo hutoka katika kitunda kidogo chekundu kiitwacho huajiao. Wageni hukiita pilipili ya Sichuan, walakini si pilipili, wala hakina undugu na pilipili manga. Mti wake ni wa jamaa moja na michungwa na milimau, na kinachotiwa chakulani ni ganda lililokaushwa, mbegu hutupwa.

Sisi tuliozoea kubana karafuu jinoni tulidhani twaijua ganzi. Kumbe ziko ganzi mbili. Ya karafuu hutuliza, pale penye maumivu pakanyamaza. Ya huajiao hutetemesha, hata midomo ikawa kama iliyoguswa na umeme mdogo. Mwaka 2013 wataalamu wa London waliulinganisha mtetemo huo na mtetemo wa chombo kilichowekwa kwenye kidole, wakaona ni kama mara 50 kwa kila sekunde. Basi mgeni asishtuke akadhani amelishwa sumu. Hali hiyo huja na hupita yenyewe.

Na katika vitu hivi viwili, huajiao ndiyo ya asili ya kule. Pilipili ni mgeni: ilitoka Amerika, ikafika China mwishoni mwa karne ya 16. Tusicheke. Mkarafuu nao ulitoka visiwa vya Maluku, ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na leo nani atasema si wetu?

Usiku wa kwanza mwenyeji wetu alitupeleka katika hoteli ya Waislamu wa Kichina kula chakula kiitwacho huoguo, maana yake chungu cha moto. Sufuria huwekwa juu ya jiko katikati ya meza, imejaa supu nyekundu yenye mafuta, pilipili na huajiao. Kila mtu huchovya humo vipande vyembamba vya nyama, uyoga na mboga, na vikiiva huvitoa kwa vijiti. Tulipouliza harufu ile tuliyoizoea yatoka wapi, mwenyeji alichota kwa upawa akatuonyesha: mdalasini, shamari, iliki nyeusi, tunda lenye umbo la nyota, na kati yake karafuu mbili, zimevimba kwa supu na vichwa vyake vingali vizima. Wao huziita dingxiang, yaani manukato ya msumari, kwa umbo lake. China wameijua karafuu tangu zamani za wafalme wa Han, ambapo wakuu wa serikali waliiweka kinywani kabla ya kusema na mfalme, ili pumzi zao zinukie.

Siku ya pili tulikosea. Tuliingia wenyewe katika mkahawa mdogo tukaagiza mapo tofu, chakula kilichoanzia Chengdu, katika mkahawa wa jamaa ya Chen, mwaka 1862. Ni tofu laini itokanayo na maharage ya soya, ndani ya mchuzi wa pilipili na maharage yaliyochachuka, pamoja na nyama ya kusaga. Tulikuwa tumesoma kwamba nyama yake ya asili ni ya ng'ombe, kwa hiyo hatukuuliza. Kijiko cha kwanza kilikuwa kimekwisha kupita kooni pale kijana wetu mmoja anayesoma huko alipofika na kumwuliza mpishi. Ilikuwa nguruwe. Tuliweka vijiko chini, tukalipa, tukatoka kimya. Mpishi hakutudanganya. Sisi ndio hatukumwuliza.

Kwa hiyo twawausia wanachama haya:

Kwanza, jifunzeni neno "qingzhen". Huandikwa kwa alama mbili za Kichina mlangoni mwa hoteli za Waislamu. Mwombeni mtu awaandikie kwenye karatasi, mlinganishe na kibao. Msitegemee kuona maandishi ya Kiarabu, kwani si kila mahali yapo. Na msidhani mboga ni salama popote, maana huweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe.

Pili, ombeni sufuria iliyogawanywa katikati, iitwayo yuanyang. Upande mmoja ni mkali, na mwingine ni supu nyeupe isiyo na pilipili. Au semeni "wei la", yaani ukali kidogo. Hapana aibu, wenyeji nao hufanya hivyo.

Tatu, pilipili nzima na huajiao zilizomo sahanini hazitafunwi. Zimetiwa kwa ladha tu. Zisukumeni kando.

Nne, kinywa kikiwaka msikimbilie maji. Ukali wa pilipili huyeyuka katika mafuta, hauyeyuki katika maji. Kunyweni maziwa, kuleni wali, na chovyeni nyama katika kibakuli cha mafuta ya ufuta na vitunguu saumu kiwekwacho mbele yenu.

Tumalizie kwa zile karafuu mbili. Mpishi hakujua kama zimetoka Indonesia, Madagaska au kwetu. Kwake yeye iko karafuu nzuri na iko mbaya. Katika sufuria nzima hutia chache tu, kwa hiyo moja ikiwa mpeta, au ikiwa ni konyo lililochanganywa, huijua mara moja, na mwakani hununua kwingine. Hatuoni sisi tunapoanika, wala hajui ni nani aliyekesha kuyakunja majamvi mvua ilipotishia. Atujuavyo ni kwa kile kilichomo ndani ya upawa wake. Wakati wa kuchambua, ndugu zetu, tuukumbuke upawa huo.