Gia za Baiskeli: Kabla Hujazing'oa

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini linamgusa kila mwenye baiskeli ya gia mjini.

Juzi jioni alinijia kijana anayetuletea mikate mtaani kwetu. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Mbona umekunja uso?" Akanieleza kwamba baiskeli yake, mtumba wa Japani wenye gia sita, imeanza ukaidi. Anapopanda kutoka Ubungo kwenda Kimara na kreti la mikate nyuma, mnyororo unakataa kwenda kwenye gia nyepesi. Fundi amemwambia kuwa gia ni ugonjwa, na dawa yake ni kuzing'oa. Basi kijana alikuja kuniomba mkopo wa kulipia kazi hiyo.

Mimi yameshanikuta. Baiskeli yangu ya kwanza ya gia iling'olewa vivyo hivyo, nami nikabaki naisukuma kila kilima kama toroli. Nikamwambia kijana: kabla ya kukopa, tuitazame.

Tuanze na namna gia zinavyofanya kazi. Kwenye gurudumu la nyuma zipo sproketi kadhaa, kubwa hadi ndogo. Kubwa ni ya kilima, ndogo ni ya mwendo kasi mahali tambarare. Chini yake kinaning'inia chuma chenye viroda viwili, ambacho kazi yake ni kuusukuma mnyororo kutoka sproketi moja hadi nyingine. Chuma hicho kinavutwa na waya unaotoka kwenye usukani. Waya ukikazwa, mnyororo unapanda kwenye sproketi kubwa. Ukilegezwa, springi inaurudisha kwenye ndogo. Kwa hiyo gia zikikataa, mshukiwa wa kwanza ni waya, wala si gia zenyewe.

Ipindue baiskeli, ikae juu ya usukani na kiti. Chukua mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo, usugue mnyororo, sproketi na viroda hadi matope yatoke. Angalia mafuta yasirukie rimu, maana breki hazitashika. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha tia oili nyepesi kwenye mnyororo na kufuta inayozidi. Oili nyingi hukusanya mchanga.

Sasa uendee waya. Uvute kwa mkono na kuuachia. Ukiwa mzito ndani ya ganda lake, una kutu au vumbi. Dondoshea oili kwenye ncha za ganda huku ukiuvuta na kuuachia mpaka uteleze. Ukiona nyuzi zimekatika, nunua mwingine. Waya ni kipuri cha bei nafuu.

Waya ukishateleza, tazama pale unapoingia kwenye chuma cha viroda. Baiskeli nyingi zina nati ndogo hapo, ya kuzungushwa kwa vidole. Zungusha pedali kwa mkono huku ukibadilisha gia moja moja. Mnyororo ukisita kupanda kwenye sproketi kubwa, waya umelegea: izungushe nati hiyo kwa upande wa kuifungua, nusu mzunguko tu, kisha jaribu tena. Ukisita kushuka kwenye ndogo, waya umekaza mno: izungushe kwa upande wa kuifunga. Usiwe na pupa. Nusu mzunguko, jaribu. Nusu mzunguko, jaribu.

Zipo pia skrubu mbili ndogo, mara nyingi zenye herufi H na L. Hizi ni mipaka. H inazuia mnyororo usianguke nje ya sproketi ndogo. L inauzuia usiingie kwenye spoki. Kama mnyororo hauanguki upande wowote, usiziguse. Lakini ukiwa unaruka kuelekea spoki, kaza L kidogo kabla hujaipanda baiskeli, kwa sababu chuma kile kikinaswa na spoki gurudumu linasimama ghafla, na mpandaji anakwenda chini.

Ikiwa bado kuna tatizo, simama nyuma ya baiskeli. Je, viroda viwili vimenyooka sambamba na sproketi? Baiskeli iliyoangukia upande wa kulia, au iliyosafirishwa juu ya basi, mara nyingi huwa imepinda hapo. Hiyo sasa ni kazi ya fundi.

Mwisho, pima mnyororo kwa rula. Weka sifuri katikati ya pini moja. Kwenye inchi 12 lazima ukutane na katikati ya pini nyingine. Kama pini hiyo imepita kwa sehemu ya nane ya inchi, mnyororo umechakaa, na huenda umekula meno ya sproketi pia. Unaponunua mpya, usikubali ule mpana wa baiskeli isiyo na gia, kama Phoenix ya zamani. Hautabadilisha gia vizuri hata ufanyeje.

Ndugu msikilizaji, ya kijana wetu ilikuwa kutu ndani ya ganda la waya. Matone machache ya oili na mzunguko mmoja wa nati, basi. Asubuhi yake alifika mapema, akaniambia Kimara ameipanda bila kushuka, na mkopo hauhitaji tena.

Simdharau fundi; ekseli ikivunjika tutamkimbilia yeye. Lakini mtu anayeuza sehemu ya riziki yake kwa kuwa haijui, huyo anapata hasara mara mbili: analipa fedha ya kung'oa, halafu analipa jasho kila kilima. Itazame kwanza.

Kwaherini hadi juma lijalo, Mungu akipenda.